Dua ya Ukurasa wa Mwisho

Wajdi alijitolea. Neno hilo lina utamu wake: ukilitamka mbele za watu, kila mtu anakuona mwema, na hakuna anayekuuliza unakula nini. Kijana alikuwa na shahada ya hisabati. Mama yake aliitia fremu na kuitundika sebuleni juu ya televisheni, na kwa miaka minne shahada ile haikuwa imefanya kazi nyingine yoyote zaidi ya kuficha ufa wa ukuta. Mwenyewe alishinda kwenye kibanda cha binamu yake, akibadilisha vioo vya simu za watu na kusikiliza ugomvi wao na wake zao bila malipo ya ziada.

Huko kibandani ndiko alikokutana na Si Lamjed, yaani Bwana Lamjed, mkaguzi wa hisabati wa mkoa mzima. Alikuwa bwana mnene, msafi, mwenye kishada cha yasmini juu ya sikio kila inapofika jioni ya joto, na ukimsikiliza akizungumza ungedhani ametoka kuswali dakika ile. Kila sentensi yake ilianza na Mungu, ikapumzika kwa Mungu, ikamalizika na jambo analolitaka yeye.

"Subhanallah, mtu mwenye kichwa kama chako unakwangua vioo?" alisema, akimpa simu. "Sikiliza, mwanangu. Mwezi huu tuna Shindano la Hisabati la watoto wa darasa la tisa, na nahitaji msimamizi wa kujitolea. Septemba, Mungu akitujaalia uhai, shule zitataka walimu wa muda. Na barua ya mapendekezo anaandika nani?"

"Unaandika wewe, Si Lamjed."

"Mungu ndiye mwandishi. Mimi kalamu tu." Akacheka, na kioo kipya akakichukua bure.

Wajdi hakulala. Mwalimu wa muda! Si ajira ya kudumu, ni kweli, lakini angesimama mbele ya ubao na chaki mkononi, na mama yake angeacha kumtambulisha kwa wageni kwa kuonyesha ukuta. Asubuhi alimweleza mama. Kufika adhuhuri, mji mzima wa Ain Sidra ulikuwa umeshaarifiwa, mpaka kinyozi.

Kazi ya msimamizi ilikuwa na heshima yake. Kwao hakuna anayesahihisha karatasi yenye jina. Mwanafunzi huandika jina lake pembeni juu, kisha pembe ile hukunjwa, hubandikwa gundi, na msimamizi hutia sahihi yake juu ya mkunjo, ili anayesahihisha asijue kama anasoma kazi ya mtoto wa gavana au ya mtoto wa muuza mkaa. Pembe hazifunguliwi mpaka alama zote ziandikwe kwa wino. Baada ya hapo msimamizi huandika kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba alizilinda tangu mwanzo hadi mwisho, na kitabu hupelekwa makao makuu. Watu wa Ain Sidra hawaamini polisi, hawaamini utabiri wa hali ya hewa, wala hawamwamini muuza samaki hata akiapa. Lakini pembe iliyobandikwa wanaiamini. Mtoto wa masikini akifaulu, husema, "Pembe imemsaidia."

Na safari hii kilichokuwa ndani ya pembe hizo hakikuwa kidogo. Mshindi alikuwa mmoja tu, naye angepata nafasi ya kusoma bure shule ya bweni ya vipaji kule Tunis, miaka minne, pamoja na chakula na kitanda.

Siku ya shindano Wajdi alifika getini saa mbili asubuhi, shati limepigwa pasi mpaka linang'ata. Akina mama walikuwa wamejaa kivulini na watoto wao, wakiwapulizia maji ya maua usoni kana kwamba wanawapeleka vitani. Katikati yao alizunguka Bi Jalila na sinia la samsa, vile vitafunio vya pembetatu vilivyojaa lozi na kulowa asali. Bi Jalila alikuwa mke wa Si Raouf, mwenye kinu kikubwa cha mafuta ya zeituni na kiti katika baraza la mji. Mume watu walimwogopa. Mke walimpenda, kwa kuwa hakujua kula kitu peke yake.

"Chukueni, chukueni! Na sikilizeni, wenzangu," alisema, sauti ikifika hadi upande wa pili wa barabara. "Mwambieni kila mtoto, akimaliza, aende ukurasa wa mwisho, chini kabisa upande wa kushoto, aandike *Yaa Fattahu*. Mara tatu. Mume wangu kapewa dua hii na Si Lamjed mwenyewe kwa ajili ya Iyadh wetu. Alisema mtoto akiiandika pale, Mungu atamfungulia njia."

"Mara tatu, Bi Jalila?" aliuliza mama mmoja, akimtafuta mwanawe kwa macho.

"Mara tatu, na mstari chini yake. Niibane kwani? Dua ikigawanywa inapungua?"

"Mungu akulipe! Wengine wangeimeza peke yao."

"Na wewe, Wajdi," Bi Jalila akamgeukia, akimtia samsa mbili mkononi bila kuuliza, "ungeiandika zamani, saa hizi ungekuwa profesa."

Wajdi akacheka, akalamba asali kwenye vidole, akaingia ndani. Akilini alimsifu Si Lamjed: kumbe bwana yule ana huruma na watoto.

Ukumbini walikaa watoto arobaini na mmoja. Joto lilikuwa la kuchemsha mayai. Wajdi alipita meza baada ya meza, akakunja pembe, akapaka gundi ya shule iliyonuka kama unga uliochacha, akatia sahihi yake kwa kalamu ya wino wa buluu aliyopewa na mama yake siku ya mahafali. Sahihi arobaini na moja. Alipofika ya ishirini mkono ulikuwa umeshazoea ukubwa, akaanza kuongeza mkia mrefu chini ya jina, kama waziri.

Maswali yalikuwa manne. Saa mbili zikapita, kalamu zikikwaruza, mtoto mmoja akilia kimyakimya na kuendelea kuandika. Dakika za mwisho Wajdi aliona kitu kilichompendeza: mtoto baada ya mtoto alifunua ukurasa wa mwisho, akainama upande wa kushoto na kuandika polepole kwa mwandiko mzuri, midomo ikitikisika. "Mji wetu una watoto wazuri," akajisemea.

Masikini. Nani angemwambia?

Chumba cha kusahihishia kilikuwa maktaba ya shule, yaani kabati mbili zilizofungwa na meza ndefu. Mezani waliketi watatu. Si Lamjed, mwenyekiti. Anouar, mwalimu kijana mwenye simu mbili, ambaye alikuwa akicheka kila Si Lamjed alipocheka na kunyamaza kila aliponyamaza. Na wa tatu, moyo wa Wajdi uliruka kumwona, alikuwa Mwalimu Mounira.

Huyu ndiye aliyemfundisha. Miaka kumi nyuma aliingia darasani na chungwa moja na kisu, akalikata mbele yao, na saa ilipokwisha Wajdi alijua kwa nini ujazo wa tufe uko vile ulivyo, na akajua maisha yake yatakuwa ya namna gani. Sasa nywele zilikuwa zimeingia mvi, na miwani ilining'inia kwa kamba.

"Wajdi wangu!" alisema Mwalimu Mounira. "Umekuwa mrefu bure. Keti. Kula."

Katikati ya meza lilikuwepo sinia lingine la samsa, zawadi ya nyumba ya Si Raouf. Wajdi akaweka rundo la karatasi mezani, akaketi kwenye kiti cha msimamizi pembeni, kitabu cha kumbukumbu magotini. Akasubiri kuona hisabati.

Mwalimu Mounira alichukua samsa, akaimaliza, na kwa vidole vilevile vinavyong'aa mafuta akachukua karatasi ya kwanza. Hakuanza na swali la kwanza. Aliigeuza, akafungua ukurasa wa mwisho, kama mtu anayesoma gazeti kwa kuanzia michezo. Akatazama chini upande wa kushoto.

"Ahaa. Hii hapa," akasema. Na bila kusoma mstari hata mmoja akaandika juu: kumi na tisa na nusu kwa ishirini. Alama ya kidole cha asali ikabaki karibu na namba.

Wajdi akadhani hakuona vizuri.

"Hapana, Mwalimu," Anouar akasema, karatasi ya pili mkononi. "Ninayo mimi."

"Unayo nini?"

"Hiyo… dua."

"Dua iko kwangu, kijana. Nimeshaitia alama."

"Basi na hii ni nini? Yaa Fattahu, mara tatu, mstari chini."

Wakatazamana. Si Lamjed, aliyekuwa akimenya lozi, akanyoosha mkono, akalamba kidole gumba na kufunua karatasi ya tatu ukurasa wa mwisho. Akalamba, akafunua ya nne. Ya tano. Kila ukurasa uliofunuka ulibaki na duara la mate.

"Yaa Fattahu," alisoma. "Yaa Fattahu… Yaa Fattahu… Huyu kaichora na maua!" Rangi ilimshuka usoni. "Mji huu umekuwa wa mawalii tangu lini?"

Walihesabu wote. Katika karatasi arobaini na moja, thelathini na nane zilikuwa na dua chini kushoto, mara tatu, mstari chini yake.

Hapo ndipo Wajdi alipoelewa. Ile haikuwa dua. Ilikuwa alama. Pembe imefungwa, jina halionekani, basi wakaazima jina la Mungu wakaligeuza kuwa muhuri wa mtoto wa Si Raouf. Asali aliyoilamba getini ikapanda kooni.

Si Lamjed alikuwa tayari na simu sikioni, kisha kwa hasira akaiweka mezani, sauti wazi.

"Si Raouf, ile dua ulimpa nani?"

"Nani tena? Mke wangu. Yeye ndiye anayemwandaa mtoto."

"Ulimwambiaje?"

"Kama ulivyoniambia wewe. Kwamba Iyadh aandike dua hii pale, Mungu atafungua njia."

"Hukumwambia kwamba ni alama?"

"Wee! Mambo hayo mtu anamwambia mke? Yule ni mcha Mungu kwelikweli, si kama mimi na wewe. Angerudi kwao na sufuria zake. Kwani kuna nini?"

Kicheko kilimponyoka Wajdi kabla hajakizuia. Kilitoka puani, kikapiga kelele kama mlango mbovu. Fikiria basi: wanaume wawili wazima wamekaa, wamepanga wizi, wakauvisha kanzu na tasbihi ili usitambulike, ukafika kwa mwanamke mmoja anayeamini maneno anayoyasikia, akaupokea kama ulivyovaa, akautoa sadaka kwa mji mzima.

"Unacheka nini?" Si Lamjed akauliza.

"Hapana, Si Lamjed. Namshukuru Mungu."

Anouar alianza kucheka, akaona mwenyekiti hacheki, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Sawa," Si Lamjed alisema, akijifuta jasho. "Hakuna tatizo ambalo Mungu hakuliwekea mlango. Tutafungua pembe. Tutafute ya Iyadh, tuijue, tuzifunge tena. Dakika kumi. Wajdi, nenda kalete chai."

"Pembe hazifunguliwi kabla ya alama."

"Nani amekwambia zinafunguliwa? Zinaangaliwa."

Akachukua karatasi namba saba. Akajaribu kwa ukucha, gundi ikashika. Kisha Si Lamjed, mkaguzi wa mkoa, mtu ambaye hutajiwa kwanza harusini na husimama safu ya mbele msikitini, akainua karatasi ya mtoto wa watu mpaka mdomoni, akatoa ulimi, akailamba.

Hakuilamba mara moja. Aliilamba polepole, akipita juu ya mkunjo wote, macho yamefumba kidogo, kama mbuzi kwenye jiwe la chumvi. Wajdi alisikia ule mlio. Gundi ikalainika, wino nao ukayeyuka, na Si Lamjed alipotoa karatasi mdomoni, ulimi wake ulikuwa wa buluu. Ile ilikuwa sahihi ya Wajdi, mkia wa waziri na vyote. Imelambwa.

"Rahma Ouerghi," Si Lamjed akasoma ndani ya pembe. "Si huyu." Akaukandamiza mkunjo tena kwa kidole gumba, majimaji yakatoka pembeni. Akachukua namba nane, akafungua mdomo.

Wajdi hakukumbuka kusimama. Alijikuta tu mkono wake uko juu ya rundo, tumbo likimwambia wazi kwamba ulimi ule ukitoka tena, samsa mbili za Bi Jalila zitarudi mezani.

"Acha," alisema.

"Unasemaje?"

"Zimo mikononi mwangu hizi. Acha."

Si Lamjed alimtazama bila hasira, na huo ulikuwa ustadi wake. Akafungua jalada, akatoa karatasi nyeupe iliyochapwa, akaisukuma mbele ya Wajdi kwa kidole gumba kilekile. Ilikuwa barua. Jina la Wajdi lilikuwa juu kwa herufi nene, shule ilitajwa, tarehe ya kwanza Septemba ilitajwa. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi. Kwenye ukingo kidole kilikuwa kimeacha unyevu.

"Hii inasubiri sahihi yangu," Si Lamjed alisema, ulimi wa buluu ukionekana kila neno. "Na kitabu hicho kinasubiri yako. Wewe andika kwamba pembe zililindwa, mimi naandika kwamba wewe ni mwalimu. Mungu ameandika riziki ya kila mja, mwanangu. Usiipige teke."

Wajdi alimgeukia Mwalimu Mounira. Nafsi yake yote ilimgeukia, kama mtoto aliyeumia uwanjani.

"Mwalimu?"

Mwalimu Mounira alikuwa anachagua samsa, anatafuta yenye lozi nyingi. "Tia sahihi, mwanangu," alisema bila kuinua macho. "Sote tumetia."

"Wewe pia?"

"Mwaka wa tatu wa kazi. Nililia wiki nzima, mpaka mume wangu akadhani nimefiwa." Akauma, tone la asali likamdondokea kifuani. "Mwaka uliofuata nililia siku mbili. Sasa silii, ninapata tu kiungulia."

Kiungulia! Wajdi aliutazama mdomo ule uliomfundisha tufe, umejaa asali. Si Lamjed alimchukiza kama mtu anavyochukizwa na panya: ni panya, basi. Lakini huyu alimchukiza kama kukuta panya ndani ya mtungi ambao umekunywa maji yake maisha yako yote.

Na bado, tuseme kweli, mkono wake ulikwenda kwenye kalamu. Alimwona mama yake. Aliona ubao, chaki, watoto thelathini wakisimama anapoingia. Miaka minne ya vioo vya simu. Sahihi moja tu, na wale watoto hawatajua kamwe, na Rahma Ouerghi hatajua kwamba jina lake lililala kinywani mwa mtu. Alifungua kitabu. Si Lamjed akashusha pumzi. Anouar akaweka simu chini.

Wajdi aliandika mistari mitatu, akasita, kisha akasoma kwa sauti, kama sheria inavyotaka:

"Saa saba na dakika ishirini mchana, kabla ya alama kuandikwa, pembe ya karatasi namba saba ilifunguliwa na mwenyekiti wa kamati kwa kutumia ulimi."

Nzi alitua juu ya sinia, akatembea.

"Futa," alisema Si Lamjed.

"Ni wino."

"Chana ukurasa!"

"Kurasa zina namba na muhuri wa makao makuu. Ukikosekana mmoja watauliza ulikuwa na nini."

"Wewe unajua unachokifanya? Unajua mkoa huu una shule ngapi? Arobaini na sita. Hutafundisha hata moja. Hata kufagia hutafagia!"

"Si Lamjed," Wajdi alisema, "nenda kwanza ukajitazame kwenye kioo."

Anouar akainamia meza, mabega yakitikisika. Mwalimu Mounira akavaa miwani, akamtazama mwenyekiti mdomoni, akaivua tena.

Si Lamjed hakwenda kwenye kioo. Alitoa leso, akafuta ulimi, akaiona leso. Mtu wa aina ile hapigani na ukuta, huutafutia mlango. Hatimaye alisema, kwa sauti ya mtu anayeongoza kikao, "Tufanye kazi iliyotuleta. Futeni hiyo kumi na tisa na nusu. Tusahihishe kwa haki. Na wewe, tukimaliza, utaandika kwamba tulisahihisha kwa haki."

"Mkisahihisha kwa haki, nitaandika. Na mstari wa ulimi utabaki juu yake."

Na wakasahihisha. Hapa ndipo Wajdi alipochukizwa kuliko popote siku ile, kuliko hata ulimi. Walijua kazi! Waliosha mikono. Walianza ukurasa wa kwanza, swali la kwanza, wakashuka hatua kwa hatua. Anouar aligundua kosa la ishara kwenye mstari wa kumi na moja wa karatasi ambayo hata Wajdi angeipita. Si Lamjed alitoa nusu alama kwa mtoto aliyekosea jibu lakini akafikiri vizuri, akaeleza kwa nini, na maelezo yake yalikuwa sahihi na mazuri. Na Mwalimu Mounira alipofika karatasi namba thelathini na moja akapiga meza kwa furaha.

"Tazameni huyu! Tazameni alivyolizunguka swali la nne! Badala ya kupanda ngazi kachimba mlango chini. Kisha mistari sita tu. Wajdi, njoo uone!"

Macho yake yalikuwa yaleyale ya siku ya chungwa, yanawaka. Wajdi alikwenda akaona. Ilikuwa kweli, ilikuwa nzuri mpaka ikauma. Akarudi kitini. Alichotaka kumwuliza ni kwa nini, ikiwa anaweza hivi, amekaa miaka yote akila kile kingine, cha akina Si Raouf. Mtu asiyejua akikosea unamfundisha. Huyu utamfundisha nini?

Saa kumi alama zote zilikuwa zimeandikwa kwa wino. Pembe zikafunguliwa kwa mkasi, mbele ya wote. Mshindi, namba thelathini na moja, alikuwa Fidaa Jlassi, msichana wa shule ya kijiji cha juu, ambaye hakuna hata mmoja mle ndani aliyewahi kumsikia. Iyadh mwana wa Si Raouf alipata kumi na mbili na nusu, alama za mtoto wa kawaida aliyejaribu mwenyewe, na pengine hizo zilikuwa za kwanza maishani mwake ambazo hakuna aliyezinunua. Wajdi aliandika yote, akasaini. Hakuongeza mkia.

Kisha alisubiri. Hakujua anasubiri nini. Barua ilikuwa bado mezani, mahali ilipokuwa.

Si Lamjed aliivuta kwake. Hakuichana, hakukunja uso. Alitoa kalamu akapiga mstari mmoja juu ya jina, ulionyooka vizuri, mstari wa mtu wa hisabati.

"Anouar, yule binamu yako, aliyesomea jiografia. Bado hana kazi?"

"Bado, Si Lamjed."

"Jiografia na hisabati ni ndugu. Mwambie apite kesho, tuichape upya. Riziki ya mtu haipotei, hubadilisha tu nyumba." Akasimama, akapitisha mkono sikioni kuona kama yasmini ipo. "Wajdi, mwanangu, ahsante kwa kujitolea."

Mwalimu Mounira alikusanya samsa zilizobaki kwenye kitambaa cha karatasi, akamnyooshea. "Mpelekee mama yako."

"Hali vitu vya sukari," Wajdi alisema. Ilikuwa uongo, mama yake angekula sinia zima na kulilamba.

Alikipeleka kitabu posta mwenyewe, akasimama dirishani mpaka kikagongwa muhuri na kutiwa kwenye gunia. Alipotoka simu ikalia. Nyuma ya sauti ya mama yake zilisikika sauti nyingine, za wanawake, na vikombe.

"Eh, mwalimu wangu! Umeshaipata?"

"Sikuipata, Mama."

"Hujaipata bado, au hukuipata?"

"Sikuipata. Nitakueleza nikifika." Alishuka ngazi za posta. "Usiwaambie majirani kwanza."

Upande wa pili vikombe vilinyamaza kimoja baada ya kingine.

"Wajdi," mama yake alisema kwa sauti ya chini sana, "wako hapa. Wamekuja na zawadi."